Kupiga simu kwa lugha usiyoimudu vizuri

Tukiwa ana kwa ana tunasikia hata kwa macho: midomo, mikono, sura ya msemaji. Simu inaondoa vyote hivyo, kisha inaipunguza sauti yenyewe. Laini ya kawaida hupitisha takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 hadi 3,400 tu, ilhali sehemu kubwa ya mlio wa S iko juu ya hapo. Ndiyo maana S na F husikika kama mapacha. Mimi ni mkalimani wa simu, na bado kila siku naomba watu warudie walichosema.

1. Kabla ya kupiga, andika sentensi mbili: wewe ni nani na unataka nini. Usiandike mazungumzo yote, maana mwenzako hajaisoma tamthilia yako. Andaa zaidi majibu ya utakayoulizwa, kama tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya faili, na uyatamke kwa sauti.

2. Akipokea, mwambie mapema kwamba bado unajifunza na unaomba aongee polepole. Atafanya hivyo kwa nusu dakika, kisha atasahau. Mkumbushe.

3. Namba ndizo zinazoumiza. Katika Kiingereza, "fifteen" na "fifty" hutofautishwa na mkazo na konsonanti ndogo ya mwisho ambayo simu huimeza. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi. Katika Kifaransa cha Ufaransa, 97 ni "quatre-vingt-dix-sept", yaani nne-ishirini-kumi-saba: umeshaandika 80, unafuta unaandika 90, halafu ndiyo saba inafika. Niliwahi kumwandikia mteja chumba namba 50 badala ya 15. Akazunguka jengo lenye vyumba 30.

Kosa langu halikuwa kusikia vibaya. Niliuliza "Fifty?" na aliyekuwa upande wa pili, naye akisikia alichotaka kusikia, akaitikia. Siku hizi nahakikisha hivi:

— Chumba namba fifteen.
— Moja, tano?
— Ndiyo, moja, tano.

Tarakimu moja moja, hata kama unaona aibu.

4. Majina yataje kwa herufi. Marubani wana Alfa, Bravo, Charlie kwa A, B, C tangu 1956, lakini si kila karani anaijua orodha hiyo. "P ya Paris, B ya Berlin" inatosha.

5. Usiitikie usichoelewa. Na usiishie kusema "sijaelewa", kwa sababu atarudia yote kwa kasi ileile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Mwonyeshe ulipokwama: "Nimesikia Jumanne. Ni saa ngapi?" Atakujibu neno moja, nalo utalishika.

6. Kabla ya kukata, msomee ulichoandika, kisha omba akutumie kwa maandishi. Akikubali, itabidi umtajie barua pepe yako, kwa hiyo P ya Paris usiiweke mbali.