Kutia Njumu kwenye Mbao kwa Mashine ya CNC: Mwongozo kwa Maseremala wa Lamu

Kiti cha enzi, kile cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya mfupa au pembe, ni ushahidi kwamba kutia njumu, yaani kupachika vipande vya rangi nyingine ndani ya mbao, ni kazi ya zamani katika karakana za Lamu. Kilicho kipya ni chombo tu. Mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, huweza kuchimba shimo na kukata kipande cha kulijaza vikalingana hadi sehemu ndogo ya milimita, mradi vina vya pande zote mbili vimepigiwa hesabu kabla biti, yaani kisu cha mashine kinachozunguka, haijagusa ubao. Njumu nyingi zinazoharibika huharibikia kwenye hesabu hiyo, wala si kwenye kukata.

Kazi nitakayoifuata hapa ni kutia waridi la mbao nyeupe, lenye upana wa milimita 120, kwenye kifuniko cha kasha la mvule. Ni kazi mpya juu ya kitu kipya. Milango na samani za kale za Mji Mkongwe wa Lamu, ambao umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, si mahali pa kujaribia mashine hii. Vitu hivyo viachiwe mafundi wa uhifadhi.

Kuchagua njia

Njia ya kwanza ni ya kuta za wima. Biti nyoofu huchimba shimo lenye sakafu bapa, kwa kawaida la kina cha milimita 2 hadi 3, kisha hukata kutoka kwenye ubao mwembamba kipande chenye umbo lilelile, kilichopunguzwa kama milimita 0.05 kila upande ili kiingie na gundi ipate nafasi. Ubaya wake uko kwenye kona. Kwa kuwa biti ni ya duara, kona ya ndani ya shimo haiwezi kuwa kali: biti yenye kipenyo cha milimita 2 huacha kona ya mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1, ilhali kona ya nje ya kipande hutoka kali na kukataa kukaa. Fundi hulazimika ama kuviringisha kona zote kwenye mchoro, ama kuzimalizia moja moja kwa patasi.

Njia ya pili hutumia biti ya V, yaani biti iliyochongoka kama herufi hiyo. Mahali mchoro unapokuwa mwembamba, mashine huinua biti hiyo, na inapofika kwenye ncha ya petali biti huwa imepanda hadi usawa wa uso wa ubao, hivyo ncha hutoka kali kama ilivyochorwa. Kuta za shimo huwa na mteremko, kipande cha kupachika nacho huwa na mteremko uleule, na kadiri kinavyobanwa ndivyo kinavyokaza. Nakshi zetu nyingi, yaani waridi, yungiyungi na mnyororo unaozunguka fremu ya mlango, zina ncha na kona kali, na kwa sababu hiyo ningemshauri fundi wa Lamu ajifunze njia hii kwanza. Njia ya kuta za wima ibaki kwa maumbo sahili na kwa mfupa wa ng'ombe, ambao vipande vyake bapa ni vidogo na vyembamba mno kubeba mteremko mrefu. Pembe za ndovu zisifikiriwe kamwe, hata zile zinazodaiwa kuwa za zamani. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, mwaka 1989, na sheria ya Kenya ni kali juu ya jambo hilo.

Mbao

Mvule huchongeka vizuri, lakini ndani yake wakati mwingine huwa na vijiwe vya chokaa visivyoonekana kwa nje, ambavyo huua makali ya biti kwa mguso mmoja. Kwa hiyo biti ya akiba ya aina ileile iwe karibu, na fundi asikilize mlio wa mashine. Vumbi lake huwasha ngozi na kuchokoza mapafu. Barakoa na kifyonza vumbi si mapambo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini na hutoa kingo safi sana, ila una mafuta, nayo hupunguza nguvu ya gundi. Kwa upande mweupe, mwembe unafaa ukichagua sehemu isiyo na michirizi myeusi, na mfenesi hutoa rangi ya manjano ya kupendeza ambayo huzidi kuiva na kuwa kahawia kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo mteja anapaswa kuambiwa mapema.

Mbao nyingi huvushwa kwa chombo kutoka Mokowe, upande wa bara, na hata zikifika zikiwa kavu, hewa ya bahari huzirudishia unyevu. Ubao wa kasha na ubao wa njumu vikae pamoja ndani ya karakana ileile kwa wiki mbili hivi, vikiwa vimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Ukiwa na kipima unyevu, hakikisha tofauti kati yao haizidi asilimia 2. Vilevile, nyuzi za vipande vyote viwili zielekee upande mmoja, kwa sababu mbao hupanuka na kusinyaa kukingama na nyuzi, na njumu iliyopachikwa kinyume hatimaye hufungua mwanya wakati wa kaskazi.

Mchoro

Chora kwa programu inayotoa mistari ya vekta, yaani mistari ambayo mashine inaweza kuifuata, si picha ya nukta nukta. Inkscape ni ya bure na inatosha. Ukipenda kuanzia kwenye nakshi iliyopo, piga picha ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, kisha ufuatishe mistari kwa mkono badala ya kuiachia programu, kwa kuwa ufuatishaji wa programu hujaza mchoro vinundu vidogo vidogo ambavyo mashine itavichonga kwa uaminifu wote. Kila umbo liwe limefungwa, pasiwe na mistari inayopandana.

Upana wa mstari ndio unaoamua uhai wake. Biti ya V ya digrii 60 huingia kina cha takriban milimita 0.87 kwa kila milimita moja ya upana. Mstari wa milimita 3 hufikia kina cha milimita 2.6, na mstari wa milimita 1 haufiki hata milimita moja, maana yake ukipiga msasa kidogo kupita kiasi utatoweka kabisa. Nisingechora kitu chembamba kuliko milimita 1.5 kwenye kifuniko kitakachopigwa randa.

Hesabu ya vina

Hapa msomaji asiharakishe. Programu zinazoweza kupanga njumu ya V, kama VCarve na F-Engrave, haziiti vipimo kwa majina yaleyale, lakini hesabu yenyewe haibadiliki.

Tuanze na shimo. Mashine ianzie kwenye uso wa ubao, yaani sifuri, na sakafu ya shimo iwe kwenye kina cha milimita 5. Sehemu pana za petali zitachimbwa hadi hapo na kubaki bapa. Sehemu nyembamba hazitafika, nazo zitabaki na umbo la V.

Kipachiko, yaani kipande cha mbao nyeupe, huchongwa kwenye ubao wake kikiwa kimeinuka, kisha hugeuzwa na kushindiliwa ndani ya shimo kichwa chini. Kwa sababu hiyo mchoro wake lazima ugeuzwe kwanza kama unavyoonekana kwenye kioo. Waridi lililo sawa pande zote halitakusaliti ukisahau, lakini maandishi ya Kiarabu yatakusaliti. Kwa kipachiko, weka kina cha kuanzia cha milimita 4, na chini ya hapo ongeza milimita 2 nyingine, ili jumla ya kina kinachochimbwa kuzunguka umbo iwe milimita 6.

Maana ya namba hizo ni hii. Kina cha kuanzia cha milimita 4 huiambia programu kwamba umbo la kipachiko linapaswa kulingana na mchoro halisi milimita 4 chini ya uso wake. Kikigeuzwa, kitazama milimita 4 ndani ya shimo lenye kina cha milimita 5, na milimita 1 itakayobaki chini ni nafasi ya gundi. Zile milimita 2 za ziada hubaki kama mwanya kati ya uso wa kifuniko na ubao wa kipachiko, ambamo msumeno utapita. Ukiweka kina cha kuanzia kuwa milimita 5 sawa na shimo, kipachiko kitagonga sakafu au kitakalia gundi iliyokosa pa kwenda, na kingo hazitafunga. Ukikipunguza hadi milimita 2, kitafunga vizuri, ila njumu itakuwa nyembamba, na mwaka ambao kifuniko kitahitaji kupigwa msasa upya kutakuwa na mbao kidogo ya kutegemea. Ubao wa kipachiko uwe na unene wa angalau milimita 12 ili usipinde chini ya jiriwa.

Kukata

Kwa kuwa kuta zina mteremko, kosa la kina hugeuka kuwa kosa la upana. Kwa biti ya digrii 60, ubao ukiwa umeinama nusu milimita tu kutoka upande mmoja hadi mwingine, mstari hupanuka karibu milimita 0.3 kila upande wa ukuta, na jicho huona. Basi kabla ya kuchonga, uso wa kila ubao usawazishwe na mashine yenyewe kwa biti pana, ukiwa tayari umebanwa mahali utakapochongwa, na usibanduliwe tena mpaka kazi iishe.

Sehemu pana zisafishwe kwanza kwa biti nyoofu ya milimita 6 au 3, kisha biti ya V imalizie kingo. Unapobadilisha biti, pima sifuri ya urefu upya kwenye uso uleule, kwa kibati cha kupimia kama mashine inacho. Kipande cha karatasi pia kinafaa kwa mkono uliozoea. Kwa mashine ndogo ya karakana, spindo, yaani mhimili unaoshika na kuzungusha biti, ikizunguka mara 16,000 hadi 18,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 1,000 kwa dakika ni mwanzo mzuri kwa biti ya V juu ya mvule. Kwa mpingo upunguze mwendo na kina cha kila pito. Mashine ikitoa unga laini wenye moto badala ya chembe za mbao, biti inasugua tu haikati: ama imekuwa butu, ama mwendo ni mdogo mno kwa kasi hiyo ya spindo. Shimo na kipachiko vikatwe kwa biti ileile ya V, kwa sababu hitilafu ndogo ya pembe yake itajirudia pande zote mbili na kufidiana.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi ndogo husahau zilipo. Kabla ya kuanza, toboa tundu dogo kwenye ubao wa chini, nje ya mchoro, mahali ulipoweka sifuri. Umeme ukirudi, unarudisha biti kwenye tundu hilo na kuendelea. Mtu asiiache mashine peke yake inapofanya kazi, na mikono ya kanzu au ncha za kikoi zisikaribie spindo. Kila jioni pangusa reli na skrubu ndefu za mashine kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, maana chumvi ya hewa ya Lamu haingoji.

Jaribu kwanza petali moja kwenye mabaki ya mbao zilezile. Ipachike bila gundi, ibane, kisha ikate katikati kwa msumeno na utazame ubavuni: mteremko uwe umegusana, na ndani ya shimo mwanya uonekane chini tu.

Kugundisha na kumalizia

Puliza vumbi lote kutoka kwenye pembe za shimo, kwani chembe moja kwenye ncha ya petali hutosha kuinua kipachiko chote. Kama upande mmoja ni wa mpingo, ufute kwa asetoni na ugundishe kwa epoksi. Kwa mvule na mwembe gundi nyeupe ya mbao inatosha. Paka kuta zote na kiasi kidogo sakafuni, pachika, weka kibao kigumu juu, na ukaze jiriwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Acha hadi kesho yake.

Kisha pitisha msumeno kwenye ule mwanya wa milimita 2, au rudisha kazi kwenye mashine na kuondoa mgongo wa kipachiko pito kwa pito mpaka ibaki kama milimita 0.3 juu ya kifuniko. Zilizobaki ziondolewe kwa randa kali au kwa kikwaruzo cha chuma. Msasa uje mwisho, kuanzia namba 120 hadi 240, na kwa njumu ya mwembe ndani ya mpingo nisingeutumia kabisa, kwa sababu vumbi jeusi huingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na halitoki. Ikibidi, paka kwanza koti moja jepesi la varnishi, liache likauke, halafu ndipo upige msasa.

Mafuta ya kitani hukoleza mvule na kuacha mwembe ukiwa na rangi ya asali. Varnishi isiyo na rangi huhifadhi weupe kwa muda mrefu zaidi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visifinyangwe pamoja na kutupwa kwenye rundo la chembe za mbao, kwani vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke au vilowekwe kwenye ndoo ya maji.