Kisu kikishazimwa katika mafuta, kipashe moto tena

Kwa anayejifunza uhunzi nyumbani na kutengeneza kisu kutokana na springi ya gari au tupa kuukuu, hatua inayopuuzwa mno ni ile inayofuata baada ya kuzamisha chuma chekundu katika mafuta. Wakati huo chuma kimekuwa kigumu kiasi kwamba tupa ikipitishwa kwenye makali huteleza bila kung'ata, lakini pia ni rahisi kuvunjika, na kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo, mara kinapopoa hadi kushikika kwa mkono, kifute mafuta yote, kisugue kwa msasa upande mmoja mpaka king'ae, kisha kiweke katika oveni yenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa 2, ukiache kipoe na kukirudisha kwa muda huohuo. Usisubiri hadi kesho, kwani mkazo uliomo ndani unaweza kukipasua kikiwa mezani tu.

Sehemu iliyong'arishwa ndiyo ya kutazamwa, kwani joto huigeuza rangi: manjano hafifu ya nyasi kavu inafaa kisu, ilhali buluu ni dalili kwamba makali yamelegea mno. Kipimo cha oveni yenyewe mara nyingi hudanganya, hivyo ni vyema kuweka kipimajoto kingine ndani. Unaponoa kwa mashine, chovya kisu majini kila mara, kwa sababu ncha ikishageuka buluu imepoteza ugumu wake.