Somo: Ukikabidhiwa mkusanyiko wa hadithi ulioachwa njiani

Ndugu wanachama, baadhi yenu mliniomba nieleze nilivyoupokea uhariri wa mkusanyiko wetu wa hadithi fupi hapa Tanga, baada ya mhariri wa awali kuhamia mkoa mwingine. Naandika nikimfikiria hasa yule atakayenipokea mimi.

Hatua ya kwanza: makabidhiano ya ana kwa ana

Usikubali kurushiwa mafaili kwenye simu tu. Mimi na mwenzangu tulikaa barazani Ngamiani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, kahawa na kashata katikati yetu. Alinipa bahasha tatu, flashi moja na daftari. Daftari ndilo lililokuwa mali. Humo aliandika nani kaleta hadithi lini, nani kaambiwa imekubaliwa, nani kaambiwa asubiri, nani kaahidiwa nakala mbili za bure. Bila daftari lile ningewadhulumu watu na nisijue. Muulize mwenzako waziwazi: umemwahidi nani, nini? Andika kila jibu, kisha mtie sahihi wote wawili.

Hatua ya pili: waandikie waandishi wote

Hii ni kabla hujagusa hadithi hata moja. Mtu aliyeleta kazi yake akakaa mwaka mzima bila jibu ana kinyongo, na ana haki nacho. Mwambie wewe ni nani, hadithi yake imefika wapi, na utamjibu lini. Muulize kama bado anataka iingie, maana wengine huwa wameshaipeleka kwingine.

Hapo hapo omba ruhusa kwa maandishi. Kukuletea mswada si kukuuzia. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, hata dhidi ya mhariri anayeipotosha kazi yake. Kwa hiyo ruhusa iseme ni kwa toleo hili tu au na mengine, ni kwa karatasi pekee au na mtandaoni pia, na mwandishi atapata nini.

Hatua ya tatu: soma zote bila kalamu mkononi

Ukishika kalamu mapema utaanza kusahihisha koma kabla hujajua hadithi inakwenda wapi. Na hadithi iliyokwisha kukubaliwa, imekubaliwa. Niliikuta moja ambayo mimi nisingeichagua. Imebaki, kwa sababu mwenyewe alishaambiwa ndiyo, na ameshawaambia watoto wake.

Hatua ya nne: kuhariri

Hapa naomba mnivumilie. Binti mmoja wa Tongoni alileta hadithi ya baba anayerudi pwani na ngalawa usiku, msimu wa kusi. Penseli iliyonitangulia ilikata "ngalawa" kila mahali ikaandika "mashua". Nikaendelea kusoma. Ukurasa wa tano tengo la kushoto, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, linavunjika na chombo kinaanza kulala upande. Mashua haina tengo! Neno moja limebadilishwa ukurasa wa kwanza, na ajali yenyewe, ambayo ndiyo hadithi, imekuwa haiwezekani. Nilifuta penseli yote, nikampigia simu kumwomba radhi kwa niaba yetu.

Tangu siku ile, tahajia nasahihisha mwenyewe, lakini neno nisilolijua naliandikia swali pembeni. Jambo kubwa zaidi, kama mwanzo unaochelewa au mwisho wa mawaidha, silimalizi kwa maandishi. Napiga simu tuzungumze. Waandishi wetu wengi hufunga kwa wasia kwa msomaji. Mimi humwomba mwandishi aisome hadithi yake kwa sauti akiiacha aya ya mwisho, kisha aamue mwenyewe.

Hatua ya tano: mpangilio na uchapaji

Usipange kwa alfabeti ya majina. Hadithi mbili za msiba zisifuatane. Namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, iombeni mapema kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Prufu ya mwisho, yaani nakala ya kukagua kurasa zilivyopangwa, kila mwandishi aione ya kwake kabla haijakwenda kwa mchapaji.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi naandika kama tusemavyo kwetu Mtang'ata. Mhariri mmoja aliniambia nigeuze yote yawe sanifu. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Sanifu yenyewe ilijengwa juu ya Kiunguja, nacho ni lahaja kama lahaja nyingine. Mazungumzo ya wahusika yabaki kama yasemwavyo. Kwenye masimulizi, chagua njia moja na uishike mpaka mwisho. Neno ambalo msomaji wa Mwanza hatalijua, liweke kwenye sentensi inayolionyesha.

*Mwandishi mmoja amefariki kabla kitabu hakijatoka. Hadithi yake itolewe?*

Mungu amrehemu. Haki haikufa naye. Kwa sheria yetu inaendelea miaka 50 baada ya kifo, na iko mikononi mwa warithi. Nendeni nyumbani kwao, msipige simu. Wakikubali, waandike. Baada ya hapo sahihisheni tahajia tu, kwa sababu hayupo wa kumuuliza.

*Mhariri anaruhusiwa kuingiza hadithi yake?*

Hakuna anayemkataza. Mimi ya kwangu niliitoa. Nafasi zilikuwa chache, na watu walikuwa wakinitazama.

*Kaka, jina la mhariri wa kwanza liandikwe wapi? Kazi umeimalizia wewe.*

Ukurasa wa mbele, pamoja na langu, la kwake likitangulia. Hadithi karibu zote alizitafuta yeye, nyingine akizifuata kwa daladala mpaka Pangani.

*Na mwandishi ambaye simu yake haipatikani tena?*

Mmoja alikuwa hivyo. Kwenye kona ya mswada wake aliandika "Muheza, karibu na soko". Nilikwenda siku ya Jumamosi nikaulizia kwa wauza machungwa. Wa tatu alinipeleka mpaka mlangoni. Mama yule alidhani kazi yake ilipotea zamani. Alinipa ruhusa palepale, juu ya meza ya jikoni, kisha akaomba nimsomee ukurasa wa kwanza, kwani nakala yake iliharibiwa na mvua.