Gladiola: jamani mnakata maua yakiwa yameshachanua!

Nyie wa Uyui na pembeni ya Tabora mjini mlioanza gladiola ili msitegemee tumbaku peke yake, leo sina habari za kupanda wala palizi, huko mnanishinda hata mimi, shida yenu ni kisu.

Juzi nimemkuta mama mmoja stendi na mabua kama 50 yamefungwa kanga, kayakata saa 6 mchana, yamechanua mpaka nchani, yanapendeza kweli lakini ukiyagusa petali zinadondoka. Mpambaji wa ukumbi akachagua mabua 8 akaondoka zake. Miezi mitatu ya kumwagilia imeishia hapo!

Ua likishafunguka shambani umeshachelewa. Kata pale vitumba viwili vya chini kabisa vinapoanza kuonyesha rangi tu, vya juu bado kijani, vitafunguka vyenyewe kwenye maji kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Harusi ya Jumamosi unakata Alhamisi, saa 12 mpaka saa 1 na nusu asubuhi, na siyo "nikinywa chai kwanza", maana jua likishapanda bua limeshapoteza maji yake. Kisu kikali, kata mshazari, ndoo iwe pale pale shambani na maji sentimita 15 hivi, majani yote yatakayozama yatoe. Na mtu asikate mpaka chini kwenye udongo eti bua liwe refu! Bakiza majani 4 kwenye shina, ndiyo yanalisha tunguu (kile kiazi cha chini ya udongo unachopanda) la msimu ujao, usipobakiza utanunua mbegu tena kila mwaka.

Kingine, msiyalaze. Gladiola ikilala usiku kucha ncha inajikunja kutafuta juu na haitanyooka tena, kwa hiyo hata kwenye boda ndoo isimame wima, funga na mpira.

Oda ya harusi hesabu kurudi nyuma siku 70 mpaka 100, inategemea aina, halafu panda kwa mafungu kila wiki 2, usimwage matunguu yote siku moja ukajaza soko mwenyewe.

Ukifanya hivyo mpambaji atakupigia yeye. Ndoo nazo zioshwe, jiki kijiko kimoja cha chai kwa lita 4 za maji, ile ndoo ya kunyweshea ng'ombe hapana.