Kufunga Kiwiko cha Petroli Kitazame Panapotakiwa kwenye Ndege ya Kujiundia

Kiwiko cha AN822, yaani kiungo cha bomba kilichopinda digrii 90 ambacho hutumika mahali pengi katika ndege za kujiundia nyumbani, kina hesi za aina mbili. Upande mmoja una hesi zilizonyooka na mdomo wenye mteremko wa digrii 37, ambapo bomba hufungwa kwa nati inayozunguka peke yake. Upande wa pili una hesi za NPT, kipimo cha Kimarekani, ambazo huchongoka kuelekea nchani na huziba kwa kujibana ndani ya tundu. Upande huu wa pili ndio unaosumbua, maana kiwiko chote huzunguka pamoja nao, na mdomo wake usipotazama bomba linakotoka, bomba litalazimika kuvutwa kwa nguvu, nalo huishia kupata ufa kwa mtikisiko wa injini.

Kabla ya kushika spana, hakikisha hesi zenyewe zinalingana. Vifaa vingi vya bomba katika maduka ya Afrika Mashariki ni vya BSP, kipimo cha Kiingereza. Kwa ukubwa wa inchi 1/4, BSP ina hesi 19 kwa kila inchi ilhali NPT ina 18, na pembe za meno yake ni digrii 55 dhidi ya 60. Kwa macho ni pacha. Ukizichanganya, kiwiko kitaingia mizunguko michache kisha kitashika sana, na utadhani kimekaza vizuri kumbe meno yanatafunana. Tumia kipimo cha hesi, au nunua kwa muuzaji wa vifaa vya ndege na usiyachanganye makopo.

Sasa safisha hesi zote mbili, ukague kama kuna vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya tundu, kisha ufunge kiwiko kikavu kwa vidole tu mpaka kigome. Usikisukume kwa spana kikiwa kikavu, kwa sababu alumini juu ya alumini hushikana na kuchunika. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye kiwiko na mwingine kwenye mwili wa vali au pampu. Mstari huo ndio msingi wa hesabu yote.

Kutoka hapo, kiwiko kinahitaji kati ya mzunguko mmoja na nusu na mizunguko mitatu. Tuseme, ukikitazama kwa nyuma, mdomo umegoma ukielekea kulia, nawe unataka uelekee chini. Umbali huo ni robo ya mzunguko, kwa hiyo nafasi zilizopo ni mzunguko mmoja na robo, miwili na robo, au mitatu na robo. Wa kwanza haujatosha, wa tatu umezidi. Chagua miwili na robo, na uiandike kabla ya kuendelea. Hakikisha pia kwamba kiwiko kina nafasi ya kuzunguka bila kugonga ukuta wa moto, yaani bamba linalotenga injini na chumba cha rubani. Kama hakina, kifunge wakati pampu ingali juu ya meza.

Ukomo huo wa mizunguko mitatu una sababu. Hesi za NPT huchongoka sehemu 1 kwa kila 16, hivyo kwa inchi 1/4 kila mzunguko husogeza kiwiko ndani takriban milimita 1.4 na kulipanua tundu kiasi cha milimita 0.09. Mwili wa alumini ya kusubu hauvumilii nyongeza nyingi za namna hiyo, na unaweza kupasuka bila onyo lolote.

Paka dawa ya kuzibia inayostahimili petroli, ukiacha hesi mbili za nchani bila kitu ili dawa isisukumwe ndani ya njia ya mafuta. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba isikaribie ndege: nyuzi zake hukatika na kusafiri hadi kwenye kabureta. Mdomo wa digrii 37 nao haupakwi dawa kamwe. Shika mwili wa vali kwa spana moja, zungusha kiwiko kwa nyingine, na ukikaribia alama ulizochora, punguza mwendo.

Ukiipita nafasi, usirudi nyuma hata kidogo. Niliwahi kurudisha kiwiko kwa sehemu ndogo tu ya mzunguko, nikajiambia haijalishi, na baada ya siku chache nikakuta doa la buluu la petroli ya ndege chini yake. Dawa ikishapasuliwa haijiungi tena. Fungua kiwiko chote, kisafishe, kipake upya, uanze kuhesabu tena.

Wakati mwingine kiwiko hukaza kabla ya kufika. Jaribu kwanza kiwiko kingine cha namba ileile, kwani hesi hazianzii mahali pamoja kwenye kila kimoja. Mimi huagiza viwili au vitatu kwa sababu hiyo. Ikishindikana, tafuta kiwiko cha digrii 45 au badilisha mkunjo wa bomba. Kuongeza kina cha hesi za tundu kwa kikata hesi kunawezekana, lakini iwe robo ya mzunguko kwa kila jaribio, na vali au pampu iwe imefunguliwa ili isafishwe yote.

Bomba linapaswa kukaa kwenye mdomo bila kusukumwa kabla nati haijaguswa. Kwa bomba laini la alumini la inchi 3/8, nati hukazwa kwa nguvu ya inchi-pauni 75 hadi 125. Kisha, ukiwa nje na betri imetenganishwa, ziba mwisho wa kabureta, jaza tangi, fungua vali, na ufunge karatasi nyeupe ya shashi kwenye kila kiungo usiku kucha. Petroli ya ndege ya 100LL ina rangi ya buluu, na asubuhi karatasi itaonyesha kiungo kinachovuja hata kama tone lenyewe limeshakauka.