Tazama udongo kabla ya ramani

Njia za baiskeli za milimani zilizochongwa na watu wa kujitolea kwa kawaida hazina kikosi cha kulipwa cha kuzikarabati, kwa hiyo mwendeshaji wa mara mojamoja anapaswa kutazama udongo kwanza, kisha ndipo atazame ramani. Ukiona tairi linaacha mfereji nyuma yako, au tope linajaza nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, geuka urudi, kwa sababu mfereji huo ukishakauka huwa mkondo wa mvua inayofuata, na maji hayo huondoka na udongo ulioshindiliwa kwa mikono. Dimbwi dogo lipite katikati; ukilizunguka unapanua njia na kuua majani ya kandoni. Anza na njia yenye alama ya kijani, yaani iliyo rahisi, hata kama unajiona hodari, maana njia ya buluu, ambayo ni ngumu kidogo kuliko ya kijani, katika mtandao mmoja wa njia yaweza kuwa ngumu kuliko ya buluu katika mtandao mwingine. Penye kilima cha kurukia usichokijua, shuka ukikague kwa miguu. Na pakiwa na kisanduku cha michango, tia chochote, kwani majembe na mbao za madaraja hununuliwa.