Jinsi ya kujua ngano ipi inavumilia chumvi, kwa vikombe tu nyumbani

Hapa Mombasa maji ya visima mengi yana chumvi, na utaona mmea mmoja wakauka na jirani yake waendelea kuota kama kawaida. Tofauti hiyo mara nyingi iko kwenye jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya mbegu, na kwa ngano unaweza kuiona kwa macho yako.

Kwanza mbegu. Ile ngano ya bokoboko pale Marikiti usiichukue manake mara nyingi ishakobolewa, kiini kishatoka, mimi ilinipotezea wiki nzima haikuota hata moja. Tafuta yenye ganda lake, aina mbili au zaidi, kama una mtu Narok au Njoro mwambie akutumie na aandike jina kwa kila mfuko.

Chumvi weka kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa lita ya maji, ni kama gramu 6. Maji ya bahari usitumie hivyohivyo, yana kama gramu 35 kwa lita, zitakufa zote.

Kila aina vikombe viwili, kimoja maji matamu kimoja ya chumvi, tishu chini, mbegu 20 juu yake, halafu funika na kisahani manake maji yakikauka chumvi yabaki na yazidi kuwa kali. Weka ndani penye ubaridi, ngano haipendi joto letu.

Siku ya 7 pima majani kwa rula. Linganisha kila aina na yenyewe: tuseme moja ina sentimita 10 kwa maji matamu na 7 kwa chumvi, nyengine 14 na 7, basi ya kwanza ndo imevumilia zaidi.

Sasa kwa nini? Ngano ya mkate ina kromosomu 42 (nyuzi zinazobeba jeni), za jenomu tatu, yaani seti tatu, A, B na D, na kwenye D kuna jeni inaitwa HKT1;5, kazi yake kuizuia sodiamu ya chumvi huko mizizini isipande majanini. Ngano ya makaroni haina D kabisa, ndo maana chumvi huilemea upesi. Watafiti wa Australia wakachukua jeni ya jamii hiyohiyo kutoka ngano ya kale, Triticum monococcum, wakaiingiza kwenye hiyo ya makaroni kwa kuzalisha mseto, na 2012 wakaripoti mavuno hadi asilimia 25 zaidi ya isiyo na jeni hiyo kwenye shamba la chumvi. Yaani mbegu ya zamani ambayo wengi washaiacha! Kwa hiyo ukipewa mbegu za kizamani usizitupe, nazo zipime.

Rudia mara 3 kabla hujaamini, na zilizobaki tia kwenye chupa kavu ufunge vizuri, unyevu wa huku waziharibu haraka.